Pijo 504 iliyobanduka ndani: rangi moja, vipande vya aina tatu

Gari ni Pijo 504 saluni, nje nyeupe ya maziwa, ndani kahawia, mwenyewe ni mzee wa Tanga aliyestaafu zamani, na kilichoileta kwangu hapa Dar ni kwamba interia nzima ilikuwa imepigwa rangi upya halafu miezi michache tu baadaye ikaanza kubanduka. Na siyo kuchubuka kidogo pale mkono unapopita kila siku, hilo hata kiwandani linatokea, hapana, hapa unaweka ukucha kwenye ukingo wa kimeza cha katikati cha kuwekea vitu rangi inanyanyuka utepe mrefu, chini yake plastiki iko safi kabisa haijashikwa na chochote. Kwenye dashibodi juu kulikuwa na vishimo vidogo vya duara vimejaa, na milango pale pa kuvutia mkono ilikuwa inanata, ukigusa unabaki na alama ya vidole. Rangi moja, fundi mmoja, siku hizo hizo, lakini magonjwa matatu tofauti, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kiandikwe chote, sababu watu wengi wenye gari za zamani wanadhani interia ikibanduka basi rangi ilikuwa feki.

Niseme kwanza kwa nini ilibidi tuhangaike badala ya kutupa na kununua vingine. 504 ilitoka Ufaransa 1968, mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya, saluni Wafaransa wakaacha kuitengeneza 1983 lakini Kenya na Nigeria zikaendelea kuiunganisha mpaka miaka ya 2000, kwa hiyo huku kwetu vitu vya injini na chini ya gari bado ukihangaika unapata, mafundi wanaijua, bush zinachongwa, springi zinapatikana. Shida ni vitu vya ndani. Kava ya usukani, fremu ya saa za dashibodi, vifuniko vya bawaba za siti, hivyo ukivipata vimetoka kwenye gari iliyokufa na vimechomwa na jua miaka hiyo hiyo kama vya kwako au zaidi. Kikivunjika kimoja umekwisha. Halafu kwa huyu mzee hii siyo gari tu, yeye ni wa kizazi kilichosimama barabarani kuangalia Safari Rally, atakuhadithia Bert Shankland alivyotoka hapa hapa Tanzania akashinda na Pijo 404 mwaka 1966 na 1967 mfululizo, kisha 504 yenyewe ikashinda 1975 na Ove Andersson na 1978 na Jean-Pierre Nicolas, anavitaja kama mtu anavyotaja ndugu zake. Gari ya mtu kama huyo huichezei.

Sasa tuanze na kilichofanyika mwanzo. Mpwa wake ndiye aliyeisimamia kazi, akaipeleka kwa fundi mmoja wa rangi, na kwa kweli bodi ya nje fundi yule kaifanya vizuri sana, milango imekaa, hakuna mawimbi, klia, ile ya juu kabisa isiyo na rangi, imetulia. Ila ndani ni kazi nyingine. Kwa maelezo ya mpwa, na kwa nilichokiona mwenyewe, utaratibu ulikuwa huu: vipande vilivyotoka kirahisi vilitolewa, vilivyogoma vikazibwa kwa masking tepu na magazeti, vyote vikapigwa msasa mkavu, vikafutwa kwa petroli, nyufa zikazibwa na puti ile ile ya bodi, ikapigwa praima ya bodi (ile ya chini ya kushikisha rangi), rangi ya kahawia iliyochanganywa kwa kuangalia mlango, mwisho klia yenye hadina (dawa inayochanganywa ili igande ngumu) juu ya kila kitu, dashibodi, plastiki, reksini (ile ngozi ya plastiki ya vinili), mpaka mikono ya milango. Ilipotoka ilipendeza mno. Mpwa alinionyesha picha, inameremeta, na mzee alifurahi siku hiyo.

Nilichofanya kabla ya kugusa rangi yoyote ni kutoa kila kipande kinachotoka na kukipanga mezani kimegeuzwa, mgongo juu. Mgongo wa plastiki unasema mengi kuliko uso. Gari za siku hizi zina maandishi nyuma, utaona ABS (plastiki ngumu ya kawaida) au PP (polipropilini) imeandikwa ndani ya vimshale, ila za miaka ya 70 nyingi hazina kitu, kwa hiyo unapima. Kipimo ni rahisi na hakina gharama: unakata kijisehemu kidogo sana kwa kisu kwenye ukingo wa ndani ambao hautaonekana, unakidumbukiza kwenye glasi ya maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo, hilo tone ni muhimu maana bila sabuni kijikipande chepesi kinaweza kushikiliwa juu na ngozi ya maji ukadhani kinaelea. Polipropilini na poliethilini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. ABS inazama taratibu. Vinili inazama haraka. Hakikisha tu hakina rangi wala povu la hewa.

Matokeo ya meza ile: kava ya usukani, fremu ya saa, vifuniko vya pembeni ya siti, vyote vilizama, na tone la asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) nyuma yake likalainisha plastiki mpaka ikanata, hiyo ni ABS. Dashibodi juu na pa kuvutia milango ni reksini laini juu ya sponji. Na kile kimeza cha katikati cha kuwekea vitu, ambacho ndicho kilikuwa kinabanduka utepe mzima, kikaelea kama kizibo. Nikamuuliza mpwa, hiki ni cha Pijo kweli? Akampigia mjomba wake simu, mzee akakumbuka kwamba cha asili kilivunjika miaka mingi nyuma na fundi akamchongea nafasi ya kingine kutoka gari ya Kijapani. Basi. Polipropilini. Ile plastiki kwa asili uso wake ni kama umepakwa mafuta, rangi ya kawaida haina pa kushika, hata uipige msasa siku nzima, rangi inakaa juu tu kama mgeni asiyekaribishwa na ikipata joto inaachia. Kwa kimeza hiki praima ya bodi ilikuwa kazi bure toka mwanzo.

Kwenye ABS rangi ilikuwa imeshika vizuri sana, imeshika kupita kiasi, na hapo ndipo palikuwa na ubaya wa pili ambao mpwa hakuuona. Ukiisogeza kava ya usukani kwenye mwanga, kuzunguka matundu ya skrubu kuna vinyufa vyembamba vinatawanyika. Siyo vya uzee. ABS haipatani na thina kali, ile ya kuchanganyia rangi za haraka, na pale plastiki ilipokuwa imebanwa na skrubu ndipo inapopasuka kwanza sababu imeshajivuta, thina inamalizia. Rangi iliyopigwa imelowa, nzito, kipande kikiwa bado kimefungwa kwenye gari, thina imekaa muda mrefu kwenye kona zile. Hivi vinyufa huwezi kuvirudisha nyuma. Unaweza kuvizuia visiendelee, kwa kujaza gundi ya ABS kwa nyuma (unayeyusha vipande vya ABS chakavu kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, unapaka nyuma tu, unaacha ikauke kabisa) na kwa kutokaza skrubu kama unafunga gurudumu.

Halafu dashibodi. Vile vishimo vya duara, kila kimoja na ukingo wake umeinuka, katikati unaona mpaka reksini ya zamani, ukubwa wa kichwa cha pini. Hiyo ni silikoni. Mzee kwa miaka mingi alikuwa anaipaka dashibodi polishi ya kung'arisha, kila Jumamosi, kwa mapenzi yote, na nyingi ya polishi hizo zina silikoni ambayo rangi mbichi ikikutana nayo inakimbia pembeni inaacha kishimo. Sasa angalia mpangilio wa kazi ulivyokuwa: msasa kwanza, kufuta baadaye. Ukipiga msasa juu ya silikoni unaisukuma ndani ya mikwaruzo, na petroli haiitoi, inaihamisha tu kutoka hapa kwenda pale, na yenyewe inaacha mafuta yake. Kwa mtazamo wangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye kazi nzima na ndilo nalokutana nalo kila mara. Kwanza unaosha, pili unatoa mafuta, ndipo msasa, halafu unatoa mafuta tena. Mpangilio huo hauna mjadala.

Na mikono ya milango inayonata? Hapa kuna vitu viwili vimekutana. Reksini inalainishwa na mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani yake kiwandani, na hayo mafuta yanasogea taratibu kuja juu maisha yake yote, joto linayaharakisha. Yakikutana na rangi isiyotengenezwa kwa reksini yanaingia ndani yake yanailainisha kutoka chini, ndiyo kunata. Juu ya hapo kuna mikono ya watu, jasho, mafuta ya nazi, losheni, miaka mingi ya familia kupanda na kushuka imeingia kwenye vinyweleo vya reksini na haikutolewa. Na ile klia yenye hadina iliyowekwa juu ni ngumu, haijui kukunjika, reksini ikibonyea inapasuka, ndiyo ile mistari midogo uliyokuwa unaiona kwenye kona ya dashibodi karibu na kioo.

Kutoa rangi ya kwanza ndiyo ilikula muda, na hapa sitarefusha sana. Kimeza cha polipropilini kilimenywa kwa kucha na tepu kikaisha. ABS ilikuwa ngumu, thina kali huwezi kuitumia kwa sababu nilizosema, na klia ya hadina spiriti haiitoi, kwa hiyo pale ni msasa wa maji kwa subira, kuanzia 400 kuishia 800, ukifika kwenye rangi ya chini kabisa ndipo spiriti ya aisopropili inasaidia kulainisha kilichobaki kwenye pembe. Reksini nilikubali kwamba siwezi kutoa kila kitu. Kulowesha reksini na kemikali mpaka rangi yote iachie ni kuifyonza yale mafuta yake, unabaki na ubao. Nikatoa kilichokuwa kimelegea na kinachonata, nikasawazisha kingo, palipokuwa pameshika imara nikapaacha.

Kusafisha nako nataka nikae kidogo, sababu ndiyo kazi yenyewe, kupuliza rangi ni dakika chache za mwisho. Maji ya moto, sabuni ya vyombo, brashi laini ya kucha kufuata zile chembe chembe za uso (vile vijinundu vya mfano wa ngozi), suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe, na yalichukua muda kuwa meupe, mwanzoni yalikuwa rangi ya chai. Ikikauka, dawa ya kutolea nta na mafuta, ile inayouzwa maduka ya rangi za magari, kwa vitambaa viwili: kimoja kimelowa kinapita, cha pili kikavu kinafuata papo hapo kabla dawa haijakauka, sababu ikikauka yenyewe uchafu uliokuwa umeyeyuka unarudi kukaa pale pale. Vitambaa unabadilisha kila wakati. Wengi wanatumia kitambaa kimoja gari nzima, huo ni usambazaji wa silikoni. Ukitaka kujua kama umefika, nyunyiza maji: kwenye ABS na reksini safi maji yanatanda zaidi, yakikusanyika matone matone huenda bado kuna mafuta. Ila kipimo hiki usikitumie kwa polipropilini, yenyewe inakusanya matone hata ikiwa safi, ni tabia yake.

Kwenye dashibodi ya mzee nilirudia mzunguko huo mpaka mpwa akaanza kuuliza kama kuna rangi kweli itapigwa.

Uso wenyewe wa chembe chembe haupigwi msasa wa karatasi, ule wa 400 na 800 ulikuwa wa kula rangi ya zamani tu, unaishia kabla ya kufika kwenye plastiki. Ukipitisha karatasi unakata vichwa vya chembe, mabonde yanabaki, na hiyo haifichiki kwa rangi yoyote, inatokea vipara vinavyong'aa. Nilitumia Scotch-Brite ya kijivu (kile kitambaa kigumu cha kusugulia) na sabuni, kwa mkono, mizunguko midogo, mpaka mng'ao ufe kila mahali hata mabondeni. Kwa sababu hiyo hiyo praima nzito sikuweka, praima nzito inajaza mabonde na plastiki inageuka laini kama kasha la bei rahisi. ABS ikapata praima nyembamba ya plastiki, pita moja ya ukungu na moja ya kufunika. Kimeza cha polipropilini kikapata ile dawa ya kushikisha rangi, maji maji yasiyo na rangi kwenye kopo, yanapakwa membamba sana, na hapa soma kopo, sababu kila moja ina muda wake, usipoweka rangi ndani ya muda huo inapoteza nguvu na unaanza upya. Reksini haikupata praima kabisa, ina rangi yake ya kunyumbulika inayoingia moja kwa moja.

Rangi yenyewe ilileta mjadala. Mwanzo ilichanganywa kwa kuangalia mlango, na mlango ule umepigwa na jua la Tanga miaka mingi, kwa hiyo walichonakili ni kahawia iliyopauka, siyo kahawia ya gari. Nikatafuta mahali jua halijawahi kufika. Nilifungua jopo la mlango, pale reksini inapokunjwa kwenda nyuma ya ubao na kubanwa kwa pini, upana wa vidole viwili hivi, rangi ilikuwa nzito, nyekundu nyekundu kwa mbali, tofauti kabisa na uso. Nikaita mpwa aone. Akapiga picha akamtumia mjomba wake, mzee akajibu kwa sauti, "Hiyo, hiyo ndiyo ilikuwa siku naichukua." Nikakata kipande kidogo pale pale nikaenda nacho duka la kuchanganya rangi. Na ukifika dukani usikubali kulinganisha chini ya taa, toka nje na kadi ya rangi na sampuli yako uziweke juani, kisha kivulini, kuna kahawia zinazofanana kabisa chini ya taa ya tyubu na zikitoka nje moja inakuwa kijani. Tulirudisha kopo lichanganywe tena, muuzaji hakupenda, lakini tukatoka na kahawia sahihi.

Sasa mng'ao. Mzee alikuja Dar mwenyewe kuangalia, nikamwamkia, akakaa, akasema kwa upole tu, "Mwanangu, mimi nataka ing'ae kama mwanzo. Gari ya zamani isipong'aa watu wanaona imechoka." Nikamwambia mzee wangu, naomba nikuonyeshe kitu kwanza halafu utaamua wewe. Nilikuwa na vifuniko viwili chakavu, kimoja nikakipiga klia ya kung'aa, kingine nikakipiga isiyong'aa, nikaviweka juu ya dashibodi, kushoto na kulia, gari ikiwa imeelekea jua la alasiri, nikamwomba akae kwenye usukani. Upande wa kile cha kung'aa kioo cha mbele kilijaa weupe, huoni ukuta wa mbele. Upande mwingine kioo kilikuwa wazi. Akainama, akainuka, akasogeza kichwa. Huyu ni mtu ambaye jioni anatoka Tanga mjini kwenda Segera, barabara kwa sehemu kubwa inaelekea magharibi, jua liko machoni mwake. Akasema, "Sasa naelewa kwa nini nilikuwa naendesha nimekunja uso." Dashibodi juu ikawa haing'ai kabisa. Tukakubaliana fremu ya saa na kimeza vipate mng'ao wa wastani, ule wa hariri, ambao hata kiwandani plastiki nyingi za wakati ule zilikuwa nao, na mzee akaridhika, nadhani aliridhika zaidi kwa kuwa aliona kwa macho yake kuliko angeambiwa.

Kupuliza huku pwani kuna adabu yake. Hewa ya alfajiri na usiku imejaa maji, thina ikiruka inapoza uso wa kipande, unyevu unaganda juu yake, rangi inatoka na ukungu mweupe na watu wanadhani kopo limeharibika. Nasubiri jua lipande, umande ukauke, napuliza kuanzia saa nne hivi, kivulini lakini mahali penye hewa inayotembea, na thina ya taratibu badala ya ya haraka. Kipande kikiwa cha moto kutoka juani usikipulize, rangi inakauka juu kabla thina ya chini haijatoka na unapata malengelenge. Pita ya kwanza ni ukungu tu, unaona rangi ya zamani bado, na hapa ndipo wenye haraka wanapoharibu, wanataka ifunike mara moja. Dakika kumi mpaka kumi na tano, pita nyingine, kutoka sentimeta 20 mpaka 25, mkono unaanza kabla ya kipande na kuishia baada ya kipande. Reksini ilifunikwa kwa pita nyingi nyembamba, na kati ya pita na pita naikunja kidogo kwa kidole kwenye kona isiyoonekana kuona kama inafuata. Ilifuata.

Kuhusu hadina nitasema kwa uzito. Klia na rangi nyingi zenye hadina zina kemikali iitwayo isosayaneti, zikipulizwa zinaingia mapafuni na zinaweza kukuanzishia pumu ya kudumu, ukishaipata hata harufu ndogo ya baadaye inakuangusha. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu, ya hospitali haizuii kitu. Wanaozipuliza kitaalamu wanavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Na mpwa aliniambia mara ya kwanza ilipulizwa kwenye uwanja wa nyumba, watoto wanacheza. Kwa plastiki za ndani huna haja ya hadina kabisa, rangi ya kunyumbulika isiyo na hadina inatosha, na hata hiyo vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, watoto wawe mbali, na kipande kisirudi ndani ya gari iliyofungwa mpaka harufu iishe.

Vipande vilikaa rafuni siku kadhaa kabla ya kufungwa, rangi inaonekana kavu kwa saa moja lakini ndani bado laini, ukifunga mapema skrubu inasokota rangi na klipu zinaacha alama. Dashibodi iliyoegeshwa juani hapa Dar inapita nyuzi 70 bila shida, joto hilo ukilipa rangi changa inaweza kushikana na chochote kitakachowekwa juu yake, kwa hiyo nilimwomba mzee wiki za kwanza aegeshe kivulini, asiweke simu wala miwani juu, na ile polishi ya Jumamosi aiache moja kwa moja, kitambaa chenye maji kidogo kinatosha.

Matokeo nimeyaona, sababu gari ilirudi kwangu baada ya masika kwa kazi nyingine. Kimeza kimeshika, nilibandika tepu nikaivuta kwa nguvu haikuja na kitu. Kava ya usukani iko sawa, vinyufa havijaendelea. Dashibodi haina kishimo hata kimoja, isipokuwa kona ya kushoto karibu na tundu la hewa kuna sehemu rangi imekuwa nyembamba, nadhani silikoni ilikuwa imeingia kwenye mshono na ikatoka na joto, nimepasafisha na kupagusa tena. Pa kuvutia mlango wa dereva pameanza kulainika na kung'aa, hiyo ni mkono wa mzee na haikwepeki, rangi yoyote pale ni ya kurudiwa kila baada ya muda, nimemwachia kichupa kidogo cha ile kahawia kimeandikwa namba ya mchanganyiko.

Kilichobaki ni ufa mkubwa wa dashibodi, ule wa katikati unaotoka kwenye kioo kuja kwa dereva. Mara ya kwanza ulizibwa na puti ya bodi ikapasuka, na puti ya bodi kwenye kitu laini itapasuka kila mara, yenyewe ni jiwe. Sikuuficha kwa rangi, nilimwambia mzee wazi kwamba rangi haizibi ufa. Amekubali dashibodi itolewe yote iende kwa fundi siti avalishe reksini mpya juu ya sponji, na nimeshaongea na fundi huyo atafute yenye chembe ndogo zinazokaribiana na za milango, rangi yoyote tu ilimradi isiwe imepakwa nta kwa juu, sababu kahawia nitaipiga mimi ikishavalishwa. Mpwa anasubiri mzee amalize shughuli za harusi ya mjukuu, gari inahitajika kubeba bibi harusi, halafu dashibodi inatolewa.